Mwamba Ulipokatika

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni mpaka Malindi, haijui mawimbi. Mwamba wa matumbawe umejinyoosha sambamba na nchi kavu, pengine mita mia chache tu kutoka ufuoni, pengine mbali zaidi, na kila wimbi litokalo bahari kuu hupasukia huko nje. Ukilala Diani au Watamu utausikia mngurumo wake usiku kucha, ila maji yanayofika miguuni pako asubuhi yamekwisha kunyang'anywa nguvu. Ndiyo maana watoto huachwa wacheze peke yao, na wapiga picha wa matangazo ya utalii hupata kirahisi yale maji ya zumaridi yaliyolala kimya. Tumelelewa na bahari hiyo ya ndani ya mwamba tukadhani ndiyo bahari yenyewe.

Mwamba una milango yake: Kilifi, Mtwapa, Kilindini, popote mkono wa bahari ulipoingia bara. Lakini ukitoka Malindi kwenda kaskazini, hapo si suala la mlango tena. Mwamba umekatika. Mto Sabaki unamwaga maji matamu na tope, vitu viwili ambavyo tumbawe halivivumilii. Maji ya mto hulidhoofisha, tope hulifunika na kulinyima mwanga. Kwa hiyo kutoka mdomo wa mto kuelekea Mambrui, Bahari ya Hindi inafika nchi kavu bila kuzuiwa na kitu. Mchanga wake ni mzito, wenye weusi na dhahabu ndani yake. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Hakuna miavuli wala viti vya kulalia, na vivuli ni vya kutafuta.

Nilikwenda Julai, kusi ikiwa imeshika barabara. Miezi hiyo wenye hoteli huiita msimu mbaya. Wengine hufunga kabisa, kwa kuwa bahari inachafuka, mwani unarundikana na upepo unapeperusha vitambaa vya meza. Anayetaka kuona mawimbi, basi, huo ndio msimu wake. Nilipanga pia na mwezi: siku mbili tatu baada ya kuandama, bamvua, maji yanapokupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua saa hiyo bila jedwali. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huku huzidi mita tatu, na mahali penye ufuo wa mteremko mdogo mita tatu hizo ni uwanja mzima wa mchanga unaojitokeza na kuzama tena kabla ya jua kutua.

Matatu ya Gongoni ilijaa mapema. Kando yangu alikaa mama mwenye ndoo mbili tupu za kamba aliokwisha kuwauza sokoni Malindi, na harufu yao ilikuwa bado imo. Niliposema ninashuka Sabaki, kondakta alinitazama begi, akatazama kofia.

"Sabaki ipi, hapa darajani? Bichi umeipita, kaka. Iko kule nyuma."

Nikamwambia naitaka hiyo ya mbele. Akagonga bodi, gari likasimama, na yule mama akacheka peke yake.

Kutoka darajani mto unaonekana wote: mpana, wa kahawia, usio na haraka. Una majina matatu katika safari moja. Huko juu, karibu na Ngong na Nairobi, unaitwa Athi. Ukishapokea maji ya Tsavo unaitwa Galana. Hapa chini ni Sabaki. Unapita Fourteen Falls karibu na Thika, unazunguka Ukambani, unakwenda sambamba na uwanda mrefu wa Yatta, unajibana kwenye miamba ya Lugard Falls ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, kisha unalegea mpaka baharini. Maji ya bomba ya Malindi, na sehemu ya yale ya Mombasa, hutolewa kwenye visima vya Baricho, kandokando ya mto huu. Yanayobaki hufika hapa yakiwa yamebeba nchi nzima ndani yake.

Kijana wa kikundi cha kijiji kinachoongoza watazamaji wa ndege alinisubiri kando ya barabara. Alikuwa na darubini shingoni, fimbo mkononi, na sharti moja: tusipite kwenye matete. Humo mna viboko. Mchana hulala majini, usiku hupanda mashambani kula mahindi, na wakati mwingine mtu na kiboko hukutana njiani alfajiri na mtu ndiye huumia. Mamba wapo pia. Tulifuata njia ya juu, ya mchanga, mpaka bonde likafunguka na mdomo wa mto ukaonekana ukiwa mpana na usio na ukingo maalumu, mafungu ya tope yakijitokeza huku na kule maji yakiendelea kupwa.

Nilikuwa nimesoma kuhusu ndege wa hapo nikadhani waandishi wamezidisha. Heroe walisimama kwenye kina kifupi, vichwa chini. Membe walikuwa maelfu, wote wameelekeza midomo upande mmoja, kusini, kuupinga upepo. Na juu ya mchanga mkavu, wakiwa hawaonekani mpaka waruke, walikuwepo wageni wa kusi: ndege wadogo wa kahawia, wenye mabawa marefu yaliyochongoka, wanaotoka Madagascar kila mwaka wakati wa baridi ya huko na kukaa pwani hii mpaka msimu ubadilike. Kijana aliwaonyesha kwa fimbo bila kuinua sauti. Wakati wa kaskazi, alisema, hawa wanaondoka na wanakuja wengine kutoka Siberia. "Hapa nyumba haikai tupu."

Chakula chao wote ni hilo tope. Minyoo, vikaa na vikonokono hukaa ndani yake kwa sababu mto unaleta mbolea kila siku. Kamba wa yule mama wa kwenye matatu nao wanaanzia hapa, kwenye maji haya machafu yaliyochanganyika chumvi na tamu, kabla ya kutoka kwenda ghuba ya Ungwana, ambako wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu waligombana miaka mingi mpaka mwaka 2006 meli hizo zikasimamishwa kwa muda. Mtalii anaona uchafu. Mvuvi anaona kamba.

Tope hili lina historia yake, na imeandikwa mahali ambapo hukutegemea. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe kubwa la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua kwa matabaka, na katika kila tabaka huhifadhi chembe za madini yaliyokuwemo majini mwaka huo, ikiwemo bariamu inayoletwa na udongo wa mto. Walipoyasoma matabaka hayo waliona kwamba kwa karne mbili udongo uliofika baharini ulikuwa haubadiliki sana. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, ukaanza kupanda. Hakukuwa na siri. Ndiyo miaka ambayo walowezi walichukua ardhi nzuri ya juu, watu na mifugo yao wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa, na milima ya Machakos ikaanza kuchubuka. Serikali ya kikoloni ilipoona mifereji ya mmomonyoko iliamua kosa ni la ng'ombe. Mwaka 1938 ikawakamata ng'ombe wa Wakamba na kuwapiga mnada. Watu wakaandamana kwa miguu mpaka Nairobi, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu kama mfungwa. Kwa hiyo udongo wa Ukambani na mtetezi wa ng'ombe wa Ukambani wote waliishia pwani hii hii ya kaskazini. Baadaye wakulima wa Machakos walichimba matuta kwa mikono, mlima baada ya mlima, na mashamba mengi yakapona. Mto hata hivyo haujawahi kurudi kuwa mweupe.

Tulivuka mkono mdogo wa mto maji yakiwa chini ya magoti, tukapanda fungu la mwisho, na hapo ndipo bahari ilipoanza.

Sijui niseme nini kuhusu sauti. Kwanza huitambui kama sauti ya mawimbi, kwa kuwa haina mapumziko. Kwenye bahari ya ndani ya mwamba unasikia wimbi, kisha kimya, kisha wimbi. Hapa mistari minne mitano ya povu inakuja kwa pamoja, mmoja unavunjika mbali, wa pili katikati, wa tatu unakimbilia ufuoni, na upepo unaikatakata ile ngurumo na kukuletea vipande. Matone ya chumvi yalikuwa hewani mpaka nyuma ya kilima cha kwanza. Lenzi ya kamera yangu ilifungwa na ukungu ndani ya muda mfupi na nikairudisha mfukoni kwa siku iliyobaki.

Tuseme ukweli: haya si mawimbi ya kutikisa dunia. Madagascar imelala huko kusini-mashariki na inakinga sehemu kubwa ya mawimbi marefu yanayozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini. Yanayofika hapa mengi yametengenezwa na kusi yenyewe, yanakuja karibu karibu, hayana mpangilio, na siku nyingi hayamzidi mtu urefu. Aliyezoea Jeffreys Bay ya Afrika Kusini atayatazama akiwa amekunja mikono. Lakini pwani yetu haina mengi ya aina hii, na Malindi ilijulikana kwa mawimbi tangu zama za ukoloni, walowezi walipokuja likizo na vibao vyao vya mbao kuteleza kifudifudi kwenye ghuba. Ilipata sifa hiyo kwa sababu hiyo hiyo ya mto.

Vijana wawili kutoka Malindi walikuwepo tayari, na ubao mmoja kati yao, uliochakaa, uliozibwa kwa gundi upande wa mkia. Mgeni mmoja aliwaachia alipokuwa akirudi kwao. Walikuwa wakiingia kwa zamu. Mmoja akiwa majini mwingine anakaa juu ya kilima na kumpigia mluzi akiona mistari mikubwa inakuja. Nilikaa na huyo wa kilimani. Alikuwa fundi wa tuktuk, akija siku ambazo kazi ni haba, na alizungumza kuhusu mafungu jinsi dereva anavyozungumza kuhusu barabara.

Wimbi, alinieleza, halivunjiki popote. Linasafiri likiwa limelala mpaka miguu yake iguse chini, ndipo linapoinuka na kuanguka. Kwa hiyo wimbi zuri ni fungu zuri. Kwenye pwani ya miamba fungu halihami, utalikuta mwakani lilipo. Hapa chini ni mchanga mtupu na mto ndio unaoupanga. Mvua kubwa za Aprili na Mei zikinyesha huko bara, mto unashuka na mzigo wake, unatupa fungu jipya mahali fulani, unakata la zamani. Wakati wa kusi bahari inaanza kuusukuma mchanga ule kaskazini, kuelekea Mambrui. Wakati wa kaskazi mkondo unageuka na tope linashuka kusini mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi. "Mwaka jana lilikuwa pale," alisema, akionyesha mahali pasipo na dalili yoyote. "Mwaka huu ni hapa. Mvua ya Machakos ikiwa mbaya, sisi tunakaa tu."

Nilimwambia kwamba huko Machakos hakuna anayejua kuwa mvua yao inagawa mawimbi Malindi. Akasema hata Malindi hawajui.

Kisha akanifundisha kusoma maji, na somo hilo lilipindua kila nililofunzwa nikiwa mdogo Mombasa. Kwetu mtoto anaambiwa aogelee palipotulia, akae mbali na povu. Hapa kati ya mafungu mawili palikuwa na njia ya maji isiyo na povu, laini, imetulia, ya kualika kabisa. "Hapo ndipo pabaya," alisema. Maji yote ambayo mawimbi yanayasukuma ufuoni lazima yapate pa kurudia, na yanarudi kupitia njia hiyo, yakikimbia kuliko mtu awezavyo kuogelea. Mgeni anaona palipotulia, anaingia hapo hapo, na baada ya muda mfupi anaona ufuo unamkimbia. Huogopa, huogelea kurudi moja kwa moja, huchoka. Wanaozama kwenye fuo za namna hii wengi huzama kwa kuchoka. Ukivutwa, usishindane na maji. Elea, kata pembeni, sambamba na ufuo, mpaka uingie tena kwenye povu, kwa kuwa povu linakusukuma nyumbani.

Sheria yake ya pili ilikuwa fupi. Karibu na mdomo wa mto haingii mtu. Maji ni ya kahawia, huoni kiganja chako, na papa na mamba wote wanapapenda.

Niliingia kwenye fungu lao, bila ubao, kwa kifua tu, yule fundi akinitazama kutoka juu. Maji yalikuwa vuguvugu na mazito, na mchanga uliokuwemo ulichapa miguu. Wimbi la kwanza nililipisha juu yangu. La pili nililisubiri, nikageuka, nikasukuma kwa miguu, na likanibeba. Ni jambo la ajabu kubebwa na kitu ambacho hakikujali hata kidogo. Nilifika mpaka kina kifupi, nikagaragara, nikasimama na mchanga masikioni, nikarudi. Niliendelea hivyo mpaka mabega yakakataa. Katika umri wangu mabega hukataa mapema.

Upepo ukiwa mgongoni tulianza kutembea kaskazini, mimi na kijana wa ndege. Hili ni pendekezo langu kwa atakayekwenda msimu wa kusi: anzia mtoni, maliza Mambrui, kamwe usifanye kinyume chake, maana mchanga unaopeperushwa chini chini hukwangua ngozi ya miguu na ukiwa unaukabili utauona uso wako jioni kwenye kioo umekuwa wa mtu mwingine. Beba maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Hakuna duka, hakuna mti, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka.

Upande wa kushoto vilima vya mchanga viliinuka, kimoja nyuma ya kingine, mlakasa ukitambaa kwenye miguu yao na maua yake ya zambarau, halafu juu mchanga mtupu uliochorwa mistari na upepo. Mchanga huu ukiuchota unameta, kwa kuwa umejaa ulanga, zile chembe bapa zinazong'aa juani. Na baada ya kila wimbi kubwa kurudi, mistari myeusi hubaki imechorwa juu ya ule wa dhahabu. Huo mweusi ni mzito; maji hubeba mchanga mwepesi na kuuacha. Ndani yake mna titani. Watafiti wa madini walikwisha kuupima mchanga wa Mambrui pamoja na ule wa Kwale, na sote tunajua kilichotokea Kwale: ulichimbwa kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024. Wa huku haujaguswa. Kijana alikuwa na sumaku ndogo aliyoitoa kwenye spika ya redio, akaipitisha juu ya mstari mweusi, ikaota ndevu. Anawaonyesha watoto wa shule wanaokuja. Aliponiuliza kama siku moja na huu utachimbwa, nilimjibu kwamba wanaojua huwa hawaulizwi na mwongoza watazamaji wa ndege wala mwandishi wa makala.

Karibu na Mambrui tulimkuta mzee akishona jarife chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka mtoni kwa miguu? Basi mketi."

Alikuwa hajatoka baharini siku kadhaa. Kusi ikiwa kali namna hiyo mtumbwi hauvuki mistari, utapinduliwa kabla ya kufika mahali pa kutega. Anangoja matulai, kusi itakapochoka na bahari kulala, au siku za maji mafu ambapo mawimbi hupungua kidogo. Miezi ya kusi, alisema, mvuvi wa Mambrui anakuwa mkulima. Aliposikia nimeogelea alitikisa kichwa, akamwangalia kijana kana kwamba yeye ndiye wa kulaumiwa.

Nilimuuliza swali lililonitatiza tangu nilipoiona bahari ile. Mambrui ni mji wa kale. Kuna kaburi lake la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking walipochimba hapo waliokota sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle aliyeitawala Uchina kuanzia 1402 mpaka 1424, yule yule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi, akamfikia mwaka 1415. Wachimbaji hao walidiriki hata kusema kwamba huenda Malindi ile ya zamani ilikuwa hapa. Sasa, chombo gani chenye nahodha mwenye akili kingetia nanga mbele ya mawimbi haya?

Mzee alifikiri, sindano ya nyavu ikiwa imesimama. "Kaskazi bahari hii ni nyingine," alisema. "Na babu yangu alisema ufuo haukuwa hapa."

Jibu hilo linanitosha kuliko nadharia nyingi. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, bahari ikiwa shwari zaidi, na kuondoka kusi inapoanza. Na kama tumbawe la Malindi linasema kweli, mto wa karne ya 15 ulikuwa na tope dogo kuliko huu tunaouona. Huenda na mchanga huu haukuwa umejaa hivi. Hata Malindi mjini mambo yamebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja: hoteli za ghubani zilizojengwa zikitazama maji zimejikuta zikitazama mchanga, vichaka na mivinje, na maji yako mbali huko. Pwani nyingine duniani zinaliwa na bahari. Hii inakua.

Kwa sasa. Huko bara, mpakani mwa Makueni na Kitui, pale Mto Thwake unapoungana na Athi, linajengwa bwawa lenye ukuta wa mita 80 hivi. Watu wa Makueni wanahitaji maji na sina neno juu ya hilo. Nimekunywa maji ya visima vyao. Lakini bwawa likishika maji hushika na mchanga, na ufuo usioletewa mchanga mpya bahari huendelea kuuchukua ule wa zamani. Ghana walijenga bwawa la Akosombo kwenye Mto Volta, likakamilika 1965, na mji wa Keta ulio mashariki ya mdomo wa mto huo umepoteza mitaa mizima baharini. Bahari ilikuwa ikiula tangu zamani, na kupungua kwa mchanga wa mto hakukuusaidia. Sabaki si Volta, na bwawa moja halitaziba mto wote. Nasema tu kwamba wenye hesabu za mradi huo wanahesabu maji na umeme, na sijaona popote safu ya mchanga wa Mambrui.

Wanaohesabu ardhi ya ufuoni wapo tayari. Nyuma ya vilima tuliona nguzo za saruji za kupimia viwanja, nyingine zimelala, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti inauzwa, namba ya simu imefutwa na upepo. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Sawa, lakini kwenye ufuo unaosogea kila mwaka alama hiyo iko wapi, na nani anaishika?

Mzee alianza kucheka kabla sijamaliza kuuliza. Alikuja mtu, alisema, kutoka mji mkubwa, na karatasi yake na mpimaji wake. Kiwanja alikwisha kulipia. Wakatafuta nguzo nne, wakapata moja. Nyingine zilikuwa chini ya kilima, na kilima hicho mwaka aliponunua hakikuwepo. Wakaajiri vijana wachimbe. Wakachimba asubuhi, upepo ukafukia mchana, na jioni mpimaji akadai hela yake akaenda zake.

"Na yule bwana akafanyaje?"

"Alinunua kingine," mzee alisema, akirudi kwenye jarife lake. "Hapo nyuma ya kile."